Kununua Nyumba Zinazonadiwa na Benki

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Wanachama wengi huwauliza makatibu wao juu ya nyumba ambazo benki huzinadi baada ya wakopaji kushindwa kulipa. Husikia kwamba nyumba hizo ni za bei nafuu, nao hutaka chama kiwakopeshe fedha upesi. Napenda kusema mapema kwamba unafuu wa nyumba ya mnada haupimwi kwa bei ya siku ile. Hupimwa siku mnunuzi anapoingia ndani kwa amani, mkononi ana hati yenye jina lake.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, pamoja na marekebisho yake, yaitaka benki impe mkopaji notisi ya siku 60 kabla ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani. Kisha mnada hutangazwa hadharani kwa muda usiopungua siku 14. Siku hizo 14 ndizo siku za kazi kwa mnunuzi. Asizipoteze kwa kuingoja siku ya mnada.

Mambo manne yapasa kufanywa.

Kwanza, hati ipekuliwe katika ofisi ya Msajili wa Hati, ijulikane nani mwenye jina, rehani ni ya nani, na kama pana zuio lililoandikishwa.

Pili, iulizwe kama mke au mume wa mkopaji aliridhia rehani. Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mmoja wao kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kesi nyingi za nyumba za mnada huanzia hapa.

Tatu, mnunuzi aende mwenyewe kuitazama nyumba, pamoja na fundi, ajue hali yake na watu wanaoishi humo. Kununua nyumba ni jambo moja; kuwatoa waliomo ni jambo jingine, nalo hufanywa kwa sheria, si kwa mabavu.

Nne, yakaguliwe madeni ya kodi ya pango la ardhi, maji na umeme.

Ndugu zangu, bei ya chini mno nayo ni hatari. Benki yapaswa kutafuta bei iliyo bora. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria hudhania kwamba benki haikutimiza wajibu huo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mkopaji aweza kuiomba mahakama iyatangue mauzo. Ni kweli kwamba sheria humlinda mnunuzi mwenye nia njema. Lakini kesi ikidumu miaka, fedha ya wanachama hubaki imefungwa. Hivyo mthamini aulizwe kabla, na kikomo cha bei kiandikwe kabla ya kwenda mnadani.

Tena, minada mingi hudai robo ya bei papo hapo, na salio katika siku chache. Mnunuzi akishindwa kulipa salio, huweza kuipoteza robo yake. Kwa hiyo Kamati ya Mikopo isimruhusu mwanachama kupandisha bei kabla mkopo wake wote haujaidhinishwa.

Mwisho, tusisahau kwamba mwenye nyumba inayonadiwa aweza kuwa mwanachama mwenzetu. Akileta notisi yake mapema, zile siku 60 zatosha kuzungumza na benki, kupanga malipo upya, au kuuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki, mara nyingi kwa bei iliyo bora kuliko ya mnada. Katibu na awaambie wanachama waziwazi: notisi ya benki si aibu ya kufichwa chini ya godoro. Iletwe ofisini siku ileile inapopokelewa.