Nyanya za Nyuma ya Nyumba, Kihonda



Mmetuuliza kwa nini hatugawi mbegu za nyanya mwezi Machi. Sababu ni bakajani. Masika yakikolea majani hayakauki, na mama mwenye matuta mawili hamudu kupuliza dawa kila wiki. Kitalu kiwe Mei, mbegu ya Tanya au Tengeru 97, na miche ihamishwe baada ya wiki nne.

Hapo shida inakuwa maji. Tandazeni nyasi kavu, mwagilieni shinani asubuhi, si juu ya majani. Kiangazi nacho kina kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014. Matunda yaliyotobolewa yafukieni shimoni, msiyaache kando ya tuta.

Kwa wafadhili: mbegu ni gharama ndogo. Bomba linapokauka, pipa la lita 200 ndilo linaloamua kama Septemba kaya itachuma. Tunajua pipa halipendezi kwenye picha. Kamati zituletee orodha za kaya kabla ya mwisho wa Aprili, zikianza na wajane na wanaolea yatima.