Dawa Ndogo Kuliko Unywele, na Maabara ya Shule Yetu

(Hotuba ya Kamati ya Elimu na Afya kwenye mkutano mkuu wa mwaka)

 

Tumeulizwa kwa nini mwaka huu tunachangisha fedha za maabara ya sekondari. Tutajibu kwa kueleza kazi ya Mtanzania mwenzetu mmoja.

Kifua kikuu wote tunakijua. Dawa zake hutolewa bure, na zinaponya. Shida ni muda. Mgonjwa hutumia dawa miezi sita: miwili ya kwanza dawa za aina nne, minne inayofuata aina mbili. Mwezi wa pili kikohozi kimekatika, mwili umerudi, shamba linamwita, nauli ya zahanati haipo. Anaacha. Ugonjwa ukirudi, unaweza kurudi na vimelea sugu, na hao hawabaki nyumbani kwake tu.

Profesa Hulda Swai, kabla ya kurudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alifanya utafiti na wenzake huko Pretoria, Afrika Kusini, katika Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda. Lengo lao lilikuwa dawa ya kifua kikuu inayokaa mwilini siku kadhaa, ili mgonjwa ameze mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Njia yao ni kuifunga dawa ndani ya chembechembe za polima iitwayo PLGA. Gawa milimita moja mara milioni moja, kila kipande ni nanomita. Chembe za nanomita 200, ukizipanga bega kwa bega, zinahitajika kama 400 kufikia unene wa unywele mmoja.

Polima hiyo si ngeni. Ni jamaa ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Maji ya mwilini huikata taratibu ikawa asidi mbili, na mojawapo, asidi ya laktiki, hata misuli yetu huitengeneza tunapolima kwa nguvu. Ganda likiisha, dawa inatoka kidogo kidogo. Tangu 1989, Marekani imeruhusu sindano ya saratani ya tezi dume iliyotengenezwa kwa polima hii, yenye chembe kubwa zaidi, inayochomwa mara moja kwa mwezi.

Kuna faida nyingine. Vimelea vya kifua kikuu hujificha ndani ya seli za kinga, zile zenye kazi ya kumeza wadudu. Seli hizo hizo humeza chembechembe hizi. Kwa hiyo dawa inaweza kupelekwa hadi mafichoni kwa adui.

Tuseme ukweli: utafiti huu umepita maabara na wanyama, lakini dawa hiyo bado haijafika zahanati zetu. Aliye kwenye dozi leo aimalize, na sisi majirani tumsaidie nauli.

Sasa turudi kwenye shule. Kutengeneza chembe hizi huanza na jambo ambalo kila mama jikoni analijua: mafuta na maji havichangamani. Polima huyeyushwa kwenye kimiminika kisichopatana na maji, hukorogwa kwa nguvu ndani ya maji mpaka vitone vinakuwa vidogo mno, kisha kimiminika kile huachwa kipae. Kinachobaki ni chembe zenye dawa ndani. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kulielewa hilo akilifanya kwa mikono yake. Wa kwetu wanachora kwenye daftari vifaa ambavyo hawajawahi kuvishika.

Kuta za maabara zimesimama na bati limeezekwa. Bado mabomba ya maji, meza, mitungi ya gesi, mizani na darubini. Hatuahidi kwamba kila mtoto atakuwa profesa. Tunachojua ni kwamba asiyewahi kushika darubini hawezi kujua kama ana kipaji nayo.

Bahasha zinapita mezani sasa. Asiye na fedha mkononi aandikishe ahadi kwa mweka hazina, na fundi aliye tayari kutoa siku zake za kazi naye aandikwe, maana huo pia ni mchango.