Puding ya mkate kwa Noeli na Bonane
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Desemba)

Nimeombwa niseme juu ya chakula cha sikukuu. Sitakawia, mvua iko karibu.

Kila mwaka ni vile vile. Noeli ikikaribia, watu wanakuja kwenye kisanduku kukopa: mchele, nyama, keki ya watoto. Januari ikifika, minervali inadaiwa, na deni nalo linadaiwa. Mgonjwa akipatikana siku ile, kisanduku kiko tupu. Sisi tulioshuka Baraka na mashua za kutoka Kigoma, toka 2005, tunajua kisanduku hiki ni cha nini: ugonjwa, kilio na masomo. Keki haiko ndani.

Lakini mtoto naye anataka kitamu siku ya Noeli, na iko haki yake. Njo maana nawaletea keki isiyotaka furu wala deni. Mjini Brussels wanaiita bodding, ni ya mkate uliobaki.

Mahitaji: mkate wa siku mbili, gramu 500, maziwa lita 1, hata ya unga, mayai 4, sukari gramu 150, kakao ya unga vijiko 4 vya supu, machungwa 2, margarini kidogo na chumvi kidogo. Kama unatumia ile shokola ya kunywa, yenyewe iko na sukari tayari, basi punguza sukari. Mkate ulioota ukungu usitumie, tupa wote.

Osha machungwa. Yetu yanaiva yangali kijani, usiogope rangi. Paruza ganda la juu tu, ile nyeupe ya chini iko chungu. Changanya kakao na sukari, mwagia maziwa ya moto kidogo kidogo ukikoroga, kisha tia ganda. Maji ya machungwa usiyatie mule, maziwa yatakatika. Yaweke pembeni.

Acha maziwa yapoe mpaka kidole kivumilie, njo utie mayai uliyoyapiga. Yakiwa ya moto sana, mayai yataiva vipande vipande. Mwagia juu ya mkate uliokatakata, ngoja nusu saa, mkate unywe wote.

Paka sufuria ndogo margarini, tia mkate, funika. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayofika nusu ya ile ndogo. Moto wa mbabula uwe mdogo. Maji yanayochemka hayapiti digri 100, kwa hiyo puding haiungui chini. Ongeza maji yakipunguka. Kisha saa moja hivi, choma na kisu katikati: kikitoka bila uji, imeiva. Ukitaka juu ikauke, tia makala machache juu ya kifuniko dakika kumi za mwisho, watoto wakae mbali.

Sasa yale maji ya machungwa: yachemshe na vijiko 2 vya sukari mpaka yawe mazito, mwagia juu. Kata vipande 12.

Wamama wanaouza mikate, neno hili ni lenu zaidi. Mkate uliobaki jioni mlikuwa mnauhesabu hasara. Andikeni bei ya kila kitu, hata makala, gawanyeni kwa 12, muongeze faida yenu. Mkiona haitoki, msiuze, kuleni na watoto. Na wale wanne wenye nyumba jirani wanaweza kuungana: mmoja mayai, mmoja sukari, mmoja maziwa, mmoja makala.

Ombi langu ni moja. Mwaka huu kisanduku kivuke Bonane kikiwa na kitu ndani. Jumamosi saa nane nitapika hapa hapa, kila mtu aje na kipande cha mkate wa jana.