Anayeulizwa ni Nani? Lugha katika Usakinishaji wa Mfumo Endeshi



Huenda mkajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika usakinishaji wa mfumo endeshi, yaani kazi ya kuiwekea kompyuta programu kuu inayoziendesha nyingine zote. Jibu langu ni fupi: usakinishaji ni mazungumzo. Kompyuta huuliza, mtu hujibu. Na kama ilivyo katika mazungumzo yoyote, anayeuliza hana budi kumjua anayeulizwa.

Waundaji wa mifumo wamelitambua jambo hili. Katika Debian, mradi ulioasisiwa mwaka 1993, maswali ya usakinishaji yamepangwa katika madaraja manne ya umuhimu. Mtumiaji wa kawaida huulizwa yale ya madaraja mawili ya juu tu. Mengine mfumo hujijibu wenyewe. Achaguaye njia ya wataalamu huulizwa ya madaraja yote. Skolelinux nayo, iliyoanzishwa Norwei mwaka 2001 kwa ajili ya shule, huuliza kompyuta itafanya kazi gani: itakuwa seva kuu ya shule, itaunganishwa na seva hiyo, au itajitegemea? Kila jibu huleta mkusanyo wake wa programu. Kwa istilahi zetu, hili ni suala la rejesta: usemi hubadilika kulingana na mhusika na muktadha.

Hata hivyo, kuyapunguza maswali si sawa na kuyafanya yaeleweke. Miaka kadhaa iliyopita niliweka mfumo mpya, ambao sitautaja, katika kompyuta yangu ya zamani. Nilichagua njia rahisi. Mwishoni niliulizwa iwapo mabadiliko yaandikwe kwenye diski. Mimi, niliyefundisha semantiki kwa zaidi ya miaka thelathini, nilijibu ndiyo; kwangu, kuandika ni kuongeza, si kufuta kilichokuwapo. Kumbe diski nzima ilikuwa ikigawanywa upya. Yalipotea mahojiano ya jioni sita niliyoyarekodi Pemba, kwa mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kufariki. Kosa la kutokuwa na nakala ni langu. Lakini swali nalo lina lake.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinaundika. Kazi iliyosalia ni ya pragmatiki. Tafsiri ya neno kwa neno ya swali lile ingeuacha mtego pale pale. Mtaalamu hutosheka na "andika mabadiliko". Mwalimu wa shule anahitaji kuambiwa: "Kila kilichomo katika diski hii kitafutwa. Je, umeweka nakala kwingineko?" Kitendo ni kimoja, ila wanaoulizwa ni wawili.

Hivyo basi, nawasihi wanafunzi wa isimu: ketini kando ya mtu anayesakinisha kwa mara ya kwanza, mkayanakili maswali anayoyajibu bila kuyaelewa. Hayo ndiyo ya kuandikwa upya kwanza, kabla hatujabuni istilahi nyingine hata moja.