Sheria ya Madai na Amani ya Vijiji Vyetu



Wananchi wanapogombania mpaka wa shamba, mara nyingi wa kwanza kuombwa ushauri ni mwalimu au mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo nimeona yafaa mazungumzo yetu ya leo, hapa Mpanda, yahusu sheria ya madai. Tukimwelekeza mtu mahali pasipohusika, twaweza kumpotezea haki yake huku tukidhani tunamsaidia.

Kosa la wengi wetu ni kuchanganya jinai na madai. Katika jinai, Jamhuri ndiyo inayomshitaki mtu, nayo hutakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Akipatikana na hatia, huadhibiwa. Katika madai hakuna mshitakiwa. Wako mdai na mdaiwa. Ushahidi wa pande zote hupimwa, na wenye uzito zaidi ndio hushinda. Shabaha yake si kumwadhibu mtu bali ni kurudisha kilichopotea, kiwe shamba, deni au fidia ya hasara.

Tuchukue mfano. Ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi. Mkulima ana haki ya kudai fidia. Lakini akishika panga na kumjeruhi mfugaji, yeye aliyekuwa na haki anageuka mshitakiwa. Mahindi yamekwisha kuliwa, na sasa uhuru wake nao umo hatarini.

Mkoa wetu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umepokea wakulima na wafugaji wengi kutoka mikoa mingine. Kutoka Karema hadi Inyonga, ardhi ndiyo maisha ya watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Suluhu isipopatikana, shauri huenda Baraza la Kata.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawajalifahamu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua ardhi ni ya nani. Nalo linasuluhisha tu. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mdai huipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, aweza kwenda huko bila hati hiyo. Asiyeridhika na uamuzi wa shauri lililofunguliwa katika Baraza la Wilaya hukata rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Jambo jingine ni muda. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Yuko mtu anayeona mpaka wake ukisogezwa kila msimu, naye ananyamaza kwa kuona haya. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini mbele ya sheria subira isiyo na mwisho huvuta hasara.

Ndugu zangu, wajibu wetu si kuwa mahakimu. Wajibu wetu ni kuwahimiza wananchi waandike makubaliano yao wanapoazimana mashamba au kukopeshana fedha, waweke tarehe na mashahidi, na wasikawie kudai. Katiba yetu, katika Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama kukuza usuluhishi baina ya wenye migogoro. Kwa hiyo anayekubali suluhu ya haki hajashindwa. Kesho yake atakutana na jirani yake kisimani, na watasalimiana.