Mlima Ndio Mtaji Wetu

 

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mtanivumilia nikizungumza kihasibu. Katika kila biashara kuna mtaji na kuna faida. Anayekula faida huishi. Anayekula mtaji hufunga duka.

Mtaji wa Lushoto ni nini? Ni baridi, msitu na maji. Wajerumani waliufuata ubaridi huo, wakajenga mji na kuuita Wilhelmstal. Leo mgeni huacha joto la Dar es Salaam, akapanda kona za Mombo hadi Soni, akanunua plamsi barabarani. Kesho yake huenda Irente kutazama nyika, au huingia msitu wa Magamba. Kila anapopita huacha chochote: kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mama wa sokoni, kwa kijana anayemwongoza njia. Hiyo ndiyo faida.

Lakini faida inaweza kwenda kwa wengine. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua dogo la zambarau huku kwetu, mbegu zikapelekwa Ujerumani. Sasa linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Mauzo hayo hayamo katika daftari letu.

Hilo limeshapita. Linaloniumiza ni mtaji tunaoula wenyewe. Shamba linashuka hadi kwenye kijito, mikaratusi inapandwa juu ya chemchemi, mvua ikinyesha udongo unateremka bondeni. Maji yakikauka, kabichi na karoti tunazopeleka Kariakoo zitatoka wapi? Na mgeni atafuata nini?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Tusimwachie mtendaji wa kijiji peke yake ugomvi huo. Baadhi ya mashamba hayo ni ya familia zetu sisi tuliokaa humu ukumbini.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, changieni vitalu vya miche ya miti ya asili inayohifadhi maji. La pili halihitaji pochi: pigeni simu nyumbani, zungumzeni na kaka, shangazi na wajomba, familia ikubali kuuachia mto nafasi yake. Wanaolima pale wanategemea pale, kwa hiyo sehemu ya mchango iwasaidie kupata mbegu na majani ya kuzuia udongo huko juu wanakohamia.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shilingi itapewa stakabadhi, na hesabu zibandikwe ubaoni vijijini, asome hata asiyechanga.

Karibuni tuchange.