Taarifa si Ombi



Yako maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa maofisini: kibali na taarifa. Tofauti yake si ya lugha tu. Ni tofauti ya haki na hisani.

Sheria tuliyoirithi kwa wakoloni ilimtaka mwananchi aombe kibali cha polisi kabla ya kuitisha mkutano wa hadhara. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alitamka kwamba sharti hilo lilikuwa kinyume cha Katiba.

Sasa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi yataka taarifa ya maandishi, saa 48 kabla, yenye kutaja mahali, wakati na madhumuni. Polisi aweza kuzuia mkutano akiridhika kwamba utahatarisha amani. Mamlaka yake, basi, yamefungwa na sababu. Asipokuwa nayo, kinachobaki ni wajibu wa kuwalinda waliokusanyika.

Hata hivyo, sheria haijitekelezi yenyewe. Tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwalimu wa uraia na afisa anayepokea barua wana kazi moja. Raia aandikaye "naomba kibali" aelezwe kwamba sheria yamtaka aseme "natoa taarifa". Asiyeijua haki yake huishi akiiomba.